Kumsifu Mungu bila kuwa chawa wake

Tumsifu Yesu Kristo.

Kama umejibu "milele amina" hata kimoyomoyo basi umeshaanza, na ndo ninachotaka tuongelee leo. Sisi Wakatoliki hata hodi tunapiga kwa sifa. Unafika kwa jirani kuazima ungo unasema Tumsifu Yesu Kristo, ndani wanaitikia milele amina huku wanaendelea kuchambua maharage, hapo hakuna aliyeomba kitu wala aliyeshukuru kitu, Mungu kasifiwa tu alafu tumerudi kwenye mambo ya ungo. Mimi nasalimia hivyo toka nasoma mafundisho ya komunyo, na nilifika miaka 38 sijawahi kumsifu Mungu kwa kumaanisha hata dakika moja nzima.

Hiyo dakika siisingizii, nilipimwa. Jumuiya yetu huku Uyole, Mbeya, tunasali Jumamosi saa 12 asubuhi, na Januari mwaka juzi sista mmoja wa parokiani alikuja kusali na sisi. Tulipofika kwenye maombi akasema leo jamani tusiombe, na tusishukuru pia, tumsifu Mungu tu, kila mtu sentensi moja inatosha. Watu wakaangaliana. Mwenyekiti akafungua kwa ile sauti yake ya mkutano, "Ee Mungu tunakusifu kwa kutuamsha salama asubuhi ya leo", sista akatabasamu, baba hiyo ni shukrani, nzuri sana ila ni shukrani. Mama aliyefuata akasema tunakusifu Bwana uwaponye wagonjwa wetu, hilo nalo ombi. Ikafika zamu yangu. Nikasema "Ee Mungu, Wewe ni mkubwa..." nikakwama hapo hapo. Mkubwa, alafu? Kimya kilivyozidi nikamalizia "...kwaiyo tunaomba utubariki", watu wakacheka na mimi nikacheka ila nilirudi nyumbani imeniuma.

Iliniuma kwa sababu mimi najijua ni mtu wa sala. Rozari silali bila kusali, novena nazifunga mpaka siku ya 9, na nina daftari la nia kabisa. Nilivyolifungua siku ile nikasoma kurasa kama nne hivi: ada, mbegu, mguu wa mama, mume apate kazi inayoeleweka, bei ya viazi ipande, dalali wa soko la Mwanjelwa alipe. Hiyo si sala jamani hiyo ni orodha ya kwenda sokoni. Nina mdogo wangu yuko Dar, jina lake likitokea kwenye simu najua kabla sijapokea, "shikamoo dada, hapo Mbeya baridi vipi", na mimi nahesabu kimoyomoyo mpaka lije lile neno "sasa dada...". Nampenda na hela namtumia. Ila siku moja alipiga akaongea nusu saa nzima habari za tulivyokuwa tunaokota kuni Njombe, akacheka weee, akakata bila kuomba hata mia, nikabaki nimeshika simu nimesahau hata sufuria jikoni.

Msinirukie, kuomba siyo kosa, Yesu mwenyewe kasema ombeni nanyi mtapewa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inataja kubariki na kuabudu, kuomba, kuwaombea wengine, kushukuru na kusifu, zote ni sala na zote zinatakiwa. Ila nenda kasome namba 2639, pale inasema sifa ndo sala inayomtambua moja kwa moja kuwa Mungu ni Mungu, unamsifu kwa ajili yake mwenyewe, siyo kwa yale anayofanya tu bali kwa kuwa Yeye Yupo. Yule aliyemwambia Musa pale kijitini MIMI NIKO AMBAYE NIKO. Basi, yupo. Shukrani inaangalia kilicho mkononi, sifa inaangalia uso wa aliyetoa.

Sasa baada ya ile aibu ya jumuiya nikasema ngoja nijifunze kusifu, na nikaanza vibaya. Kuna ujumbe unazunguka sana kwenye magrupu ya wasap na status za watu, msifu Mungu mpaka milango ifunguke, sifa zinashusha baraka, nikazibeba hizo. Wiki mbili nimesifu mpaka majirani wanauliza, alafu jioni napiga simu kuuliza gunia linaendaje. Halikupanda. Nikakasirika kweli, kwamba nimesifu kote huku?

Mnajua hiyo inaitwaje mjini? Uchawa. Chawa anamsifia bosi suti, anamsifia gari, anamsifia hotuba hata kama bosi kachapia mwanzo mwisho, jicho lake liko kwenye bahasha, na bahasha isipotoka mwezi huu mwezi ujao ana bosi mwingine. Mimi nilikuwa chawa wa Mungu, nampaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Na ndo maana watu wengi wakikosa walichoomba wanahama kanisa, leo hapa kesho kwa nabii, siwasemi vibaya maana mimi mwenyewe nilibakiza kidogo tu.

Nilipomweleza sista alicheka akanipa kazi moja, soma Zaburi ya 148 kila asubuhi mwezi mzima, kwa sauti, alafu kaa kimya kidogo uende zako. Kasema usiongeze ombi. Zaburi yenyewe fupi, inaita kila kitu kisifu, jua, mwezi, milima na vilima vyote, miti yenye matunda, wanyama wa mwitu, wafalme, wazee na vijana. Nikawa naisoma kama kazi ya darasani, nyingine nasoma huku nawasha mkaa.

Ikafika Machi, tuko Kwaresima. Nilikuwa nimepanda viazi ekari moja na nusu kule Isongole, chini ya mlima Rungwe, mbegu nimenunua kwa mkopo wa kikoba, vimefunga vizuri vimeanza kutoa maua, mimi nimeshaanza kugombana na lumbesa, yale magunia yanayojazwa kupita kipimo, ambazo hata hazijajazwa. Mchana kama saa 8 hivi wingu likaja jeusi lenye rangi kama ya kijani kwa chini, nikakimbilia kwenye banda la jirani. Ikaanza mvua ya mawe. Ile kelele kwenye bati huwezi kusikia mtu aliyekaa pembeni yako. Watoto wa jirani wanachungulia mlangoni wanaokota mawe wanayatia kwenye bakuli wanakula kama barafu, wanacheka, mimi naangalia shamba langu kule ng'ambo. Haikuchukua hata robo saa. Tulivyotoka matuta yalikuwa meupe, majani yamechanika chanika kama mboga iliyokatwa na mtu mwenye haraka, vimebaki vijiti vimesimama. Na jua likawaka saa hiyo hiyo, zuri tu.

Asubuhi yake nikafungua Zaburi yangu kwa mazoea tu. Mstari wa 8: "Moto na mvua ya mawe, theluji na mvuke, upepo wa dhoruba ulitendao neno lake." Nilikuwa nimeusoma huo mstari wiki kadhaa sijawahi kuuona. Mvua ya mawe nayo iko kwenye kwaya! Nikafunga Biblia. Siku tatu sikufungua.

Siku ya nne nikafungua nikasoma kwa hasira mpaka mwisho, alafu nikasema kwa sauti, "Wewe ni Mungu." Nikaishia hapo. Sikuwa na la kuongezea maana kila "kwa sababu" niliyokuwa nayo ilikuwa imelala kule Isongole. Sikusikia joto moyoni, sikulia, hamna. Lakini ile sentensi ilikuwa kweli, ilikuwa kweli kabla ya mawe na baada ya mawe, na nadhani ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsifu bila bei. Naomba mnielewe vizuri hapa, sikumsifu kwa ajili ya mvua ya mawe. Mtu asije akakwambia ushangilie msiba. Habakuki alisema mashamba yasipotoa chakula na zizini kusipokuwa na kundi, "walakini nitamfurahia Bwana", na hiyo "walakini" imebeba mzigo wote, maana hajasema njaa ni nzuri.

Wiki mbili mbele ikaja Alhamisi Kuu. Dominika za Kwaresima ule wimbo wa Utukufu hauimbwi, unajua hilo, siku hiyo ndo unarudi, na kengele zote zinapigwa wakati unaimbwa, baada ya hapo zinanyamaza mpaka Mkesha wa Pasaka. Kwaya ikaanza, kengele zikapigwa, akina mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, vigelegele, na mimi na deni langu la kikoba nikaanza kusikiliza maneno ninayoimba kila Dominika huku nachungulia simu. Tunakusifu, tunakuheshimu, tunakuabudu, tunakutukuza, tunakushukuru kwa ajili ya utukufu wako mkuu. Ona hapo mwisho. Hata shukrani iliyomo humo siyo ya kitu tulichopewa, tunamshukuru kwa ajili ya utukufu WAKE! Yaani asante kwa kuwa Wewe uko hivyo ulivyo. Ombi linakuja baadaye kabisa, utuhurumie, upokee ombi letu, lipo ila limesubiri zamu yake.

Kwaiyo ushauri wangu wa kwanza kwa mtu anayekwama kama mimi ni kwamba usihangaike kutunga, Kanisa limeshakuwekea maneno mdomoni. Chukua Utukufu nje ya Misa, usali polepole ukiwa unaosha vyombo, kila neno lipe pumzi yake. Atukuzwe Baba ile ya kwenye rozari ambayo wote tunaikimbiza ili tufike fumbo linalofuata, isimamishe. Kwenye kuabudu Ekaristi kuna zile sifa za Mungu atukuzwe, jina lake takatifu litukuzwe, na zenyewe hazina ombi hata moja ndani.

Ukitaka maneno yako mwenyewe anza na "Wewe ni" alafu ukimaliza weka nukta. Nukta ndo ngumu, mkono unataka kuandika "kwaiyo". Mtakatifu Fransisko wa Asizi mwaka 1224, miaka miwili kabla hajafa, mgonjwa na macho yanamsumbua, aliandika kwenye kipande cha ngozi sifa za namna hiyo, Wewe ni mtakatifu, Wewe ni upendo, Wewe ni unyenyekevu, Wewe ni uvumilivu, haombi macho wala tumbo. Mimi zangu huwa zinaisha baada ya tatu au nne, sijali, nakaa kimya.

Tena usiwe askari wa trafiki wa sala yako. Mimi nilifika mahali nikawa najikamata, aah hiyo shukrani, aah hiyo ombi, nikaharibu kila kitu. Hata Zaburi zenyewe zinasema msifuni Bwana alafu zinaendelea "maana fadhili zake kwetu ni kuu". Zinachanganyika, ni kawaida, watu wanaopendana hawapangi maongezi kwa mafungu.

Mume wangu aliniuliza swali zuri, sasa Mungu ana shida gani mpaka asifiwe na mtu wa Uyole? Hana. Upo Utangulizi mmoja wa Misa padre anausali unasema hivyo hivyo, kwamba sifa zetu hazimwongezei kitu, zinatufaa sisi. Nikamkumbusha tulivyopanda Kitulo na jumuiya, ile barabara ya kona hamsini na saba kutoka Chimala tumbo linakuja juu kila kona, kufika kule maua mpaka macho yanachoka, ya njano, meupe, zambarau, kilomita kwa kilomita hamna mtu. Wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu. Akasema yale maua yanachanua hata tusipoenda. Nikamwambia ehee.

Deni la kikoba nilimaliza Novemba, kwa mahindi na kwa kuuza mbuzi wawili. Daftari la nia bado ninalo, nimeacha tu ukurasa wa kwanza mtupu. Na juzi hapa nimepiga magoti vizuri kabisa, mshumaa umewaka, nikaanza, "Ee Bwana, Wewe ni mwema, Wewe ni mtakatifu, Wewe ni...", nikashtuka kumbe nawaza gunia limefika shilingi ngapi Mwanjelwa.