Flaski za Kamukunji na deni la taifa

SWALI: Mzee, habari za siku? Mimi nauza flaski na masufuria Kamukunji, karibu mali yote imetoka Uchina. Juzi kwenye matatu redio ilitaja nakisi yetu ya biashara na Uchina, na abiria mwenzangu akanigeukia: eti sisi wauzaji ndio tunaolitia taifa deni. Nilinyamaza kwa aibu. Ni kweli?
Mama Flaski, Nairobi

JIBU: Aibu ya bure hiyo, Mama. Mwenzako alichanganya mambo mawili. Nakisi ni tofauti tu: kwa mwaka tunanunua Uchina bidhaa za zaidi ya shilingi bilioni 400, nao kwetu hawafikishi hata 50. Deni ni mkopo, kama ule wa Benki ya Exim ya Uchina uliojenga reli ya SGR. Flaski yako ilikwisha kulipiwa. Nimekuwa wakala wa forodha miaka 19, sijaona kontena likitolewa kwa "nitalipa kesho".

Ila ililipiwa kwa dola, na dola hiyo hatukuipata Uchina. Ilitoka kwa Mpakistani anayekunywa chai ya Kericho, kwa maua ya Naivasha yanayouzwa Uholanzi, kwa ndugu aliye Marekani anayemtumia mamake pesa. Zikiadimika unajua mwenyewe: Januari 2024 dola moja ilipita shilingi 160, na usiniambie hukupandisha bei.

Watakwambia uuze vya jua kali. Sawa, lakini muulize fundi anayegonga karai hapo nyuma yako bati lake lilishukia bandari gani. Hata cherehani na mashine za viwandani zimo kwenye nakisi hiyohiyo, na hizo zinaajiri watu.

Kinachonikera mimi ni mauzo yetu. Madini ya titani ya Kwale, tuliyowauzia kwa wingi, yaliondoka yakiwa mchanga, na Desemba 2024 uchimbaji ukakoma. Parachichi ndiyo kichekesho: 2019 Uchina ilikubali yaliyomenywa na kugandishwa tu, mabichi yakasubiri hadi 2022. Mkulima wa Murang'a angepata wapi mtambo wa kugandisha hadi nyuzi 30 chini ya sifuri?

Wewe uza. Na unitengee flaski moja ya lita tatu; kizibo cha yangu kimekufa.