Shule imemkataa mwanangu. Nianzie ofisi gani?

SWALI: Mwanangu ana miaka sita na ana mtindio wa ubongo. Anaelewa yote tunayomwambia, ila hatembei na matamshi yake ni mazito. Shule ya msingi ya karibu imetuambia tumtafutie shule ya walemavu. Mkononi nina kitabu cha kliniki tu. – Mama, Kilifi

JIBU: Mama, shule hiyo haina ruhusa ya kumkataa kwa sababu ya ulemavu. Kifungu cha 34 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza jambo hilo waziwazi. Kinachowakwamisha wazazi wengi ni karatasi.

Tathmini ziko mbili, na moja haishiki nafasi ya nyingine. Ya hospitali, inayofanywa na madaktari wa hospitali ya serikali iliyoidhinishwa, ni ya kumsajili mtoto katika Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu. Ya shule hufanywa katika kituo cha tathmini ya elimu, wengi hukiita EARC. Ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yenu itakuelekeza kilipo.

Anza na EARC. Beba cheti cha kuzaliwa na kitabu cha kliniki. Mpeleke asubuhi, akiwa amepata usingizi wa kutosha na kushiba, na kama anameza dawa za kifafa asikose dozi yake. Mtoto aliyechoka hunyamaza, na anayenyamaza mbele ya mgeni huandikwa kuwa haelewi. Kwa hivyo mwonyeshe mtathmini jinsi mwanao anavyojibu "ndiyo" na "hapana", iwe kwa macho, kwa mkono au kwa kuelekeza picha. Kabla ya kuondoka, soma ripoti. Ikitaja ugonjwa peke yake, omba iongezwe anachoweza kufanya na anachohitaji darasani: kiti cha kumshikilia, muda zaidi wa kujibu, msaada wa kwenda choo. Ripoti isiyosema hayo humpa mwalimu mkuu kisingizio.

Kisha andika barua ya kuomba nafasi, nakala mbili, uambatishe ripoti. Nakala yako igongwe muhuri na kuandikwa tarehe. Wakikataa, omba sababu kwa maandishi. Zikipita wiki mbili kimya, peleka nakala zote kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo, halafu kwa bodi ya elimu ya kaunti. Malalamiko ya ubaguzi hupokewa pia na Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa, bila malipo.

Usajili wa Baraza usiuache, maana ndio mlango wa vifaa vya kusaidia. Huombwa kupitia eCitizen, ukiwa na ripoti ya hospitali. Ila usajili huo haukuingizi moja kwa moja katika Inua Jamii, ile shilingi 2,000 kwa mwezi ambayo mlezi wa mwenye ulemavu mkubwa hupokea. Orodha hiyo ni nyingine. Muulize chifu au afisa wa maendeleo ya jamii itafunguliwa lini.

Na ukipewa kiti cha magurudumu, tafadhali usikubali cha mtu mzima kwa kuwa ni cha bure. Kiti kipana humlaza mtoto upande mmoja, na uti wa mgongo hupinda taratibu. Nyonga zake zienee kitini bila kubanwa wala kuyumba, nyayo zikanyage kibao, na kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti pabaki nafasi ya vidole viwili au vitatu. Mtaalamu ampime upya kadiri anavyokua.

SWALI: Tuko wazazi saba wenye watoto kama hawa. Twaweza kusajili kikundi? – Baba, Malindi

JIBU: Bado mnahitaji watatu. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 inataka wanachama wasiopungua 10. Waulizeni wazazi mnaokutana nao kliniki ya mazoezi ya viungo. Mkitimia, andikeni katiba fupi na muhtasari wa mkutano wa kuchagua viongozi, mpeleke kwa afisa wa maendeleo ya jamii pamoja na orodha ya wanachama na nakala za vitambulisho.