Lijengwe, ila vijiji viandikwe kwenye mkataba

Mmetuuliza wasomaji wiki hii kama bwawa la umeme la Inga 3 kwenye Mto Kongo, huko Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, lijengwe au liachwe. Mimi nasema lijengwe. Ila kabla zege halijamwagwa, mkataba utaje miji na vijiji vitakavyowashiwa umeme, na lini.

Mto wenyewe hauna ubishi. Unakata ikweta mara mbili, kwa hiyo upande mmoja ukiwa kiangazi, mwingine mvua inanyesha, na maji hayakauki. Zambezi haina bahati hiyo: mwaka 2024 ukame ulishusha maji ya bwawa lake la umeme la Kariba hadi Wazambia wakawa wanakaa gizani saa nyingi kila siku.

Kinachoniuma ni yale yaliyofanyika kwenye mabwawa ya kwanza, Inga 1 (1972) na Inga 2 (1982). Umeme wake ulivutwa kilomita zipatazo 1,700 hadi Kolwezi, kwenye migodi ya shaba ya Katanga, kusini-mashariki mwa nchi. Laini hiyo inabeba umeme wa DC (wa mkondo mnyoofu), ambao haushushwi njiani kwa transfoma ya kawaida. Unahitaji kituo kizima cha kuubadilisha, na kituo ni ghali. Vikajengwa viwili tu, Inga na Kolwezi. Waliopitiwa katikati hawakuhesabiwa. Nyaya zinavuma juu ya paa, na chini yake mama anapuliza makaa ili chai ichemke, mtoto anasoma kwa tochi ya simu. Huyo amezaliwa chini ya nguzo hizo, na mama yake pia.

Sasa tazameni hesabu ya awali ya Inga 3. Kati ya megawati 4,800, Afrika Kusini ilitengewa 2,500, migodi 1,300, Kinshasa na viunga vyake 1,000. Vijiji, sifuri. Naelewa kwamba bila mnunuzi mkubwa hakuna benki itakayokopesha, na sipingi kuuza umeme nje. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba vituo vya njiani vitakuja baadaye, kwa fedha nyingine. Tumesubiri hiyo baadaye zaidi ya miaka 40. Viingie kwenye mkopo huohuo, ramani yake itangazwe, na mkandarasi asilipwe fungu la mwisho kabla havijawaka.

Na wenyeji wa Inga walioondolewa kwenye ardhi yao kupisha mabwawa ya kwanza bado wanadai fidia. Walipwe hao kwanza, ndipo wengine waambiwe wahame.