Historia ya uchaguzi wa halmashauri ya wilaya Uingereza: viti kwanza, kura baadaye

Wewe unayeanza kukusanya matokeo ya halmashauri ya wilaya ya Uingereza, usikimbilie kura. Jua kwanza siku ile viti vingapi viligombewa, kwa mipaka ipi, na kwa muhula wa miaka mingapi. Makosa mengi tunayosahihisha yanatoka hapo.

Anzia 1973. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1972 ilizaa wilaya mpya, na zile zilizo nje ya majiji makubwa zilipiga kura 7 Juni 1973. Madiwani wake walishika madaraka 1 Aprili 1974, maana halmashauri kongwe ziliendelea na kazi hadi siku iliyotangulia. Anayeandika kwamba uchaguzi wa kwanza ulikuwa 1974 amekosea, na anayeandika kwamba halmashauri ilianza kazi 1973 amekosea vilevile.

Kisha tazama mzunguko. Wilaya zinazochagua madiwani wote kwa mpigo zilipiga kura 1973, 1976 na 1979, halafu kila baada ya miaka minne: 1983, 1987, hadi 2019 na 2023. Nyingine huchagua theluthi moja kila mwaka kwa miaka mitatu, na mwaka wa nne huachiwa uchaguzi wa halmashauri ya kaunti, ngazi iliyo juu ya wilaya. Chache, kama Oxford na Hastings, huchagua nusu kila miaka miwili. Zipo zilizobadili utaratibu katikati, kwa hiyo usiujaze mwaka kwa kukisia. Tarehe nayo ithibitishe: kwa kawaida ni Alhamisi ya kwanza ya Mei, lakini 2004 ilikuwa 10 Juni na 2014 ilikuwa 22 Mei, ili kwenda sambamba na uchaguzi wa Bunge la Ulaya. Uchaguzi wa 2020 ulisogezwa hadi 6 Mei 2021 kwa sababu ya korona. Waliochaguliwa 2016 wakakaa miaka mitano, na waliorithi viti hivyo wakapata mitatu tu.

Sasa kata. Msomaji wa Tanzania au Kenya amezoea kata moja, diwani mmoja wa kuchaguliwa. Kata ya Uingereza yaweza kuwa na madiwani wawili au watatu, na mpiga kura huweka alama hadi kwa idadi hiyo ya wagombea. Hapa ndipo hesabu huharibika. Chukua kata ya mfano yenye viti 3, wapiga kura 4,500 walioandikishwa na karatasi halali za kura 1,440. Chama A kina wagombea watatu: 820, 790 na 760. Chama B kina mmoja: 610. Jumla ya kura ni 2,980. Ukiigawa kwa 4,500 utapata mahudhurio ya 66%, na huo si ukweli. Gawa karatasi, upate 32%. Ukijumlisha kura zote za kila chama, A kitaonekana kina 79.5%, kwa sababu tu kilisimamisha watu watatu. Sisi hulinganisha mgombea aliyeongoza katika kila chama: 820 kwa 610, yaani 57.3% kwa A. Njia yoyote utakayoshika, itaje juu ya jedwali na usiibadilishe katikati.

Mpangilio wa washindi kwa wingi wa kura nao usiuvuruge kwa alfabeti. Mipaka ya kata ikichorwa upya katika wilaya ya theluthi, viti vyote hugombewa siku moja, na katika kila kata mshindi mwenye kura chache zaidi ndiye muhula wake huisha mapema. Bila mpangilio huo hutajua uchaguzi unaofuata unarudisha kiti cha nani. Na mipaka ikishabadilika, acha kuandika kwamba chama "kimepoteza viti 4". Viti vile havipo tena.

Aliyepita bila kupingwa hana kura sifuri. Hakupigiwa kura kabisa, basi nafasi ya kura iache wazi. Wilaya za vijijini za miaka ya 1970 zina wengi wa namna hiyo. Kura zikilingana, msimamizi huamua kwa bahati nasibu. Andika kura zilezile, ueleze chini yake.

Chaguzi ndogo ndizo husahaulika zaidi, nazo ndizo hueleza kwa nini chama kiliingia uchaguzini na viti tofauti na vile kilivyoshinda mara iliyopita. Weka safu mbili: viti baada ya uchaguzi uliopita, na viti siku moja kabla ya huu, ukihesabu waliohama chama. Kiti kikibaki wazi ndani ya miezi sita ya mwisho wa muhula wake, kwa kawaida hakuna uchaguzi mdogo, kwa hiyo pengo hilo ni halali.

Mwisho wa orodha uangalie kama halmashauri bado ipo. Waveney na Suffolk Coastal ziliungana kuwa East Suffolk 1 Aprili 2019. Matokeo ya East Suffolk yanastahili ukurasa wake, wala si mstari wa nyongeza chini ya Waveney.