Nimeapa kutunza siri ya rafiki anayetaka kujiua. Je, niseme?

SWALI: Assalaam alaykum Sheikh. Rafiki yangu ameniambia anataka kujiua. Kabla ya kunieleza aliniapisha kwa Allah nisimwambie mtu. Nikiwaambia ndugu zake, nitakuwa nimevunja kiapo na kufanya khiyana (usaliti)?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullah. Sema, ndugu yangu, na usingoje kesho. Mtume (swalla Allahu alayhi wa sallam) amesema, katika Hadithi aliyoipokea Imam Muslim, kwamba aliyeapa kisha akaona jambo lililo bora kuliko aliloliapia, basi afanye lililo bora na atoe kafara, yaani fidia ya kuvunja kiapo. Kafara imo katika Suratul Maida, aya ya 89: kulisha masikini 10, au kuwavisha, au kuacha huru mtumwa, asiyeweza afunge siku 3.

Khiyana haimo hapa. Mafaqihi, wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, wamesema mwenye kuswali akimwona mtu anazama, naye anaweza kumwokoa, ni wajibu akate swala. Ikiwa swala inakatwa, siri itasimama vipi?

Ukifika kwake, muulize waziwazi kama bado ana nia hiyo. Kumuuliza hakumtii wazo ambalo hakuwa nalo. Wengi hupata nafuu kwa kuulizwa tu. Asiachwe peke yake, na chochote anachoweza kujidhuru nacho kiondolewe. Mpelekeni kwa daktari. Kisomo cha Qur'ani msomeeni, lakini kisomo hakizuii dawa.

Na nakuomba sana, usimtishe kwa Moto. Ni kweli kujiua ni haramu, lakini aya yenyewe inayokataza, ya 29 katika Suratun Nisaa, inamalizia kwa kusema Allah ni Mwenye kuwahurumia. Mtazame Maryam (alayhas salaam), mama yake Nabii Isa. Uchungu wa kujifungua ulipomzidi alisema, "Laiti ningelikufa kabla ya haya!" Hakukemewa. Aliambiwa asihuzunike, akaonyeshwa kijito cha maji chini yake, akaambiwa alitikise shina la mtende limwangushie tende mbivu, ale, anywe, jicho lake litulie. Mimi kila nikiisoma sehemu hii huona adabu ya kukaa na aliyekata tamaa: kwanza maji na chakula, na mtu wa kumwambia usihuzunike. Maneno mengine yana wakati wake.

Huenda akakukasirikia kwa kusema. Mwache akasirike, maadamu yu hai. Mtafute leo ndugu yake mmoja anayemwamini, mwende pamoja. Masikini 10 utawalisha baadaye.

Wallahu a'alam.