Maswali Yenu: "Naimbisha kwaya, lakini kuomba nimeshindwa"

Shikamoo Baba Mchungaji. Mimi ni mwalimu wa kwaya, mama wa watoto wawili. Miaka mitatu iliyopita mume wangu alipata kiharusi. Amepooza upande wa kulia, na kusema anasema neno moja moja. Mwanzoni kanisa zima lilihamia kwetu. Siku hizi wanakuja wachache, na hao wananiuliza kama kuna dhambi hatujaitubu. Mtumishi mmoja alituambia tupande mbegu ili mume wangu apone. Nikatoa akiba ya ada ya watoto, na hali ni ile ile. Jumapili nasimama mbele, nanyoosha mikono, watu wanabubujikwa machozi, mimi ndani pakavu. Usiku nikipiga magoti nasema "Baba", basi, naishia hapo. Kuna siku natamani nisiamke. Je, nimeshaipoteza imani? Na niache kwaya, maana najiona mnafiki?
Mwalimu wa Kwaya

Marahaba, binti yangu. Barua yako nimeisoma mara nne, na kila mara nimekwama penye sentensi uliyoipitisha haraka haraka karibu na mwisho: kuna siku natamani nisiamke. Hiyo ndiyo tuanze nayo. Kabla Jumapili haijafika, mtafute mtu mmoja unayemwamini, umwambie kwa maneno hayo hayo, bila kuyapunguza makali. Kisha mwambie na daktari anayemwona mumeo. Ikitokea siku wazo hilo likaja na namna ya kulitimiza, usikae peke yako hata nusu saa: mwite mtu, nenda hospitali. Kumuuguza mgonjwa miaka mitatu kunachosha mwili na akili, na uchovu wa aina hiyo una tiba yake. Ukimwendea daktari hujamkosea Mungu adabu.

Mkumbuke nabii Eliya. Katoka mlima Karmeli, moto umeshuka mbele ya macho ya watu, na baada ya muda mfupi tu yuko jangwani chini ya mretemu akiomba roho yake iondolewe. Mimi nilipokuwa kijana nilidhani sura ile, 1 Wafalme 19, inahusu ile sauti ndogo tulivu. Siku hizi natazama yaliyotangulia. Alilala. Malaika akamgusa, naye akakuta mkate juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akalala tena. Akaamshwa tena, akala tena. Hakuna aliyemhubiria. Swali la "Unafanya nini hapa?" lilikuja baadaye sana, alipokwisha kutembea siku 40 hadi Horebu. Kwa hiyo swali langu la kwanza la kiroho kwako ni hili: nani anaweza kukaa na mumeo usiku mmoja kwa wiki ili wewe ulale? Jina la mtu, tafadhali. "Mungu atasaidia" si jina la mtu wa zamu.

Sasa, kama umepoteza imani. Fungua Zaburi ya 88. Zaburi nyingi za kilio, hata zikianza vibaya kama ya 13, mwishoni hugeuka zikawa sifa. Hii haigeuki. Inaanza usiku, inaendelea usiku, inaishia gizani, na hakuna mhariri aliyeibandikia aya ya kuifurahisha. Imo ndani ya kitabu cha nyimbo cha watu wa Mungu, na wewe kama mwalimu wa kwaya unajua maana yake: iliimbwa. Ila angalia anayelalamikiwa ni nani. Toka mstari wa kwanza mpaka wa mwisho mtu yule anamsemesha Mungu. Anamgombeza, anamuuliza kwa nini anamficha uso wake, lakini hajageuka kusema na mwingine. Aliyeacha imani hana haja ya kugombana na asiyemwamini. Ukinisikiliza mimi, malalamiko yako ni imani iliyovaa nguo za kazini.

Mimi mwenyewe, na hili sijaliandika katika safu hii miaka yote, mke wangu alipofariki nilikaa miezi 14 bila kuomba. Nilihubiri. Nilizika watu, nilibatiza. Faraghani hakuna kitu. Nikikaa kwenye kiti changu nasikia saa ya ukutani tu. Tulikuwa na mzee wa kanisa, fundi seremala, mtu wa maneno machache mno. Akaanza kuja kila Alhamisi jioni. Havui hata koti. Anafungua Biblia, anafuatisha mistari kwa kidole, kile chenye ukucha mweusi uliopondwa na nyundo, anasoma zaburi moja polepole, anafunga, anaondoka. Siku moja nilimwambia kwa ukali kwamba hayo anayoyasoma siyaamini hata neno. Hakushtuka. Akasema, "Haya mchungaji, leo nitaamini mimi, wewe kaa tu." Akasoma. Alhamisi iliyofuata akaja tena.

Tangu hapo nasoma Marko 2 kwa jicho jingine. Yule mwenye kupooza aliyeteremshwa kupitia darini hasemi neno lolote katika habari ile. Watu wanne wamembeba, wametoboa dari ya mwenyewe (sijui nani aliitengeneza baadaye), na Marko anaandika kwamba Yesu "alipoiona imani yao". Yao. Kuna majira ya kushika pembe ya godoro na kuna majira ya kulala juu yake. Wewe umeshika pembe zote nne peke yako kwa miaka mitatu.

Hao wanaouliza habari za dhambi, wajibu kwa upole mara moja, ya pili usiwafungulie mazungumzo. Swali lao ni la zamani: wanafunzi walimuuliza Yesu kuhusu kipofu yule wa Yohana 9, nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake? Akawaambia si yeye wala wazazi wake. Paulo, ambaye hata leso zilizogusa mwili wake zilipelekwa kwa wagonjwa wakapona, aliombea mara tatu udhaifu wa mwili aliouita mwiba, ukabaki. Tena katika barua yake ya pili kwa Timotheo, mwisho kabisa kwenye salamu, sehemu tunayoirukaruka, anasema Trofimo alimwacha Mileto akiwa mgonjwa. Hivyo tu. Hasemi Trofimo alikuwa na imani haba, wala hasemi kuna kitu hakukitubu. Mtume alimwacha rafiki yake mgonjwa akaendelea na safari, bila shaka kwa huzuni. Ningependa ule mstari uandikwe kwa herufi kubwa juu ya mlango wa kila chumba cha maombezi.

Kuhusu mbegu, nitasema wazi ingawa barua za kunikemea zitakuja: huo ni unyang'anyi. Naamani, jemadari mwenye ukoma, alikwenda kuponywa kwa nabii Elisha na talanta 10 za fedha, vipande 6,000 vya dhahabu na mavazi 10. Elisha alikataa hata kimoja. Aliyekimbia nyuma ya gari kuomba ni Gehazi, mtumishi wake, akapata talanta 2 na mavazi 2, na ukoma juu yake. Wewe hukukosa imani ulipotoa; ulimpenda mumeo, na mtu akaona mlango. Waeleze wazee wa kanisa lako ili wengine wasiingie humo, na huyo mtu asikanyage tena kwako hata akija na mafuta.

Mnafiki, kama ninavyolielewa neno hilo, huvaa sura ili apate kitu. Wewe unapata nini pale mbele zaidi ya kuchoka? Usiache kwaya. Acha kusimama mbele. Mkabidhi msaidizi wako kwa miezi mitatu, nenda ukakae katikati ya sauti ya pili, mahali ambapo ukinyamaza wimbo hauanguki. Ukiweza kuimba, imba. Ukishindwa, wasikilize wanaokuzunguka.

Mama Teresa wa Kolkata (mimi si Mkatoliki, lakini mtu ni mtu) alipokea Nobeli ya Amani mwaka 1979 na dunia nzima ilidhani anaongea na Mungu kama anavyoongea na jirani. Mwaka 2007, miaka 10 baada ya kifo chake, barua zake kwa mapadre waliomwongoza zilichapishwa, na humo anaeleza ukavu na giza lililomwandama miaka mingi ajabu. Aliamka alfajiri akaenda kuosha wagonjwa hivyo hivyo. Sikutajii ili ujilinganishe naye. Nakutajia ili ujue kwamba kukosa hisia na kukosa imani si ugonjwa mmoja.

Na lile "Baba" unaloishia, binti yangu, ndilo neno la kwanza la sala tuliyofundishwa na Bwana. Paulo anasema Roho hutuombea "kwa kuugua kusikoweza kutamkwa". Basi sema "Baba", vuta shuka, lala. Yaliyobaki mwachie anayejua kuyatamka. Niandikie baada ya miezi mitatu. Nataka kujua jina la mtu wa zamu.

Baba Mchungaji, rafiki yangu wa kanisani amefiwa na mtoto. Wiki ya tatu sasa sijaenda, naogopa nitasema kitu kibaya. Niseme nini?
Mwoga

Nenda leo. Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku 7, mchana na usiku, bila kusema neno, na hapo walikuwa wafariji wazuri sana. Waliharibu walipofungua midomo, na mwisho wa kitabu Mungu aliwakasirikia wao, akasema Ayubu, pamoja na makelele yake yote, ndiye aliyenena yaliyo sawa. Usimwambie mtoto alikuwa ua ambalo Mungu amelichuma. Usimwambie ukihitaji chochote nipigie, hatapiga. Mtaje mtoto kwa jina lake, maana wengine wote wameanza kulikwepa. Ukikuta vyombo havijaoshwa, osha. Akilia, usimkimbizie kitambaa kana kwamba amemwaga kitu. Na ukishindwa kabisa na la kusema, mwambie hivyo hivyo: nilichelewa kuja kwa sababu niliogopa.