Kumuaga profesa wa jiolojia: anzeni na mawe, keki baadaye

Kamati nyingi za kumuaga profesa huundwa wiki tatu kabla ya hafla. Muda huo unatosha kukodi ukumbi, kuagiza keki na kuchangishana zawadi. Kwa profesa wa jiolojia hautoshi kabisa. Kazi yake ya miaka 30 au 40 imelala ofisini kwenye maboksi, na siku anapokabidhi ufunguo, anayehamia humo anaona kokoto tu. Anzeni mwaka mmoja kabla. Tarehe ya kustaafu haimshtukizi mtu.

Kaeni naye mezani, boksi baada ya boksi, kinasa sauti kikiwa kimewashwa. Saa mbili kwa kikao zinatosha, zaidi ya hapo anachoka na majibu yanakuwa mafupi. Msimwambie "tueleze safari yako ya utafiti", maana atawapa yaleyale yaliyomo kwenye wasifu wake. Shikeni jiwe, someni namba, ulizeni: hili lilitoka wapi, na mbona mpaka wa granaiti umesogea kwenye ramani ya pili? Hapo ndipo anaposema yale ambayo hakuyaandika popote.

Kila sampuli iwe na namba, ukurasa wa daftari la fildi, mwaka, koodineti (namba zinazoonyesha mahali ilipookotwa) na makala iliyoitumia. Karatasi iliyotumbukizwa kwenye mfuko wa jiwe huliwa na mchwa, na maandishi ya maka pen juu ya jiwe hufifia. Pakeni doa la rangi nyeupe, likikauka andikeni namba kwa wino mweusi, kisha pitisheni vanishi. Lava ya volkano ya Ol Doinyo Lengai ina masharti yake. Hutoka nyeusi, lakini ikivuta unyevu wa hewa hugeuka nyeupe na kulika, kwa hiyo iliyokaa wazi kabatini miaka 20 si ileile iliyookotwa mlimani. Kama kuna kipande kilichobaki kizima, kifungieni kwenye chupa isiyopitisha hewa pamoja na silika jeli, zile chembe za kunyonya unyevu. Mawe yenye urani yatengwe, na Tume ya Nguvu za Atomiki iulizwe kabla hayajahamishwa.

Kwenye koodineti ndiko wengi wanakoharibu. Ramani za zamani za Tanzania za kipimo cha 1:50,000 zinatumia mfumo wa koodineti uitwao Arc 1960, ilhali GPS ya leo husoma mfumo mwingine, WGS 84. Tofauti yake ni kama meta 300, sehemu kubwa ikiwa kwenye mwelekeo wa kaskazini-kusini. Mwanafunzi akichukua namba za daftari la mwaka 1985 na kuziingiza kwenye simu bila kuzigeuza, atautafuta mwamba ng'ambo ya mto ambako haupo. Andikeni jina la mfumo pembeni ya kila namba. Na kwa kuwa milimita 1 kwenye ramani hiyo ni meta 50 ardhini, msizipe namba zilizosomwa kwa rula usahihi wa meta moja.

Madaftari yaskaniwe kwa rangi, nukta 400 kwa inchi. Penseli iliyofifia hupotea kabisa kwenye skani ya nyeusi na nyeupe.

Risala isizidi dakika saba. Idadi ya wanafunzi aliowasimamia ichukuliwe kwenye kumbukumbu za masomo ya uzamili, isikadiriwe. Utumishi wake chuoni mara nyingi hufupishwa kuwa "aliwahi kuwa mkuu wa idara", nao ndio uliomla miaka: kuandika upya mtaala, kutunga ratiba ya fildi, kupigania bajeti ya gari. Someni mihtasari ya vikao. Muulizeni dereva. Muulizeni na fundi maabara aliyemsagia miamba hadi unene wa milimita 0.03 ili aitazame kwa hadubini, na kadi ya mwaliko imfikie kwa jina lake. Huyu husahaulika karibu kila mara.

Juzuu maalumu la makala za heshima halitoshwi na ule mwaka mmoja, linataka mwaka na nusu, kwa kuwa wahakiki huchelewa. Mkiahidiwa makala 15, pangeni kwa nusu yake. Wapo watakaopendekeza madini yaitwe kwa jina lake, kama nyerereite ilivyoitwa kwa Mwalimu Nyerere. Ni lazima kwanza yapatikane madini mapya, kisha Kamisheni ya International Mineralogical Association iyapitishe. Msiahidi jambo hilo jukwaani.

Tuzo ya mwanafunzi inawezekana, ila pigeni hesabu. Mfuko ukizaa asilimia 10 kwa mwaka, tuzo ya shilingi 500,000 inadai mtaji wa milioni 5, na bado thamani ya shilingi inashuka. Mtaji ukiwa mdogo, afadhali kulipia mafuta ya basi la fildi mwaka mmoja na kutangaza hivyo waziwazi.

Mwisho, nendeni idara ya TEHAMA kabla mkataba wake haujaisha. Akaunti ya barua pepe ya chuo ikifungwa, barua za wahariri na data alizotumiwa na wenzake hufungiwa humo. Zinakiliwe kwenye diski mbili, moja abaki nayo yeye.